Maji ya Meru, Macho ya Mirongo: Mafunzo Niliyopata

Naishi Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, jirani na mto wenye jina hilohilo. Kwa mtu wa huku maji si jambo la kulipia nauli: ziwa liko mwisho wa barabara, na mvua ikinyesha sawasawa mto wenyewe hukufuata hadi mlangoni. Ndiyo maana majirani walicheka waliposikia kwamba mimi, mwalimu mmoja wa mtaani kwetu na shemeji yangu tunapanda basi la Arusha pale Nyegezi, tupite Shinyanga, Nzega, Singida na Babati kutwa nzima, ili tukatembee siku moja tu katika bonde la Mlima Meru, tukaone vijito, chemchemi na maziwa madogo ya Momela. "Mnaacha Ziwa Victoria mnafuata madimbwi?" aliuliza mama anayeuza dagaa kwenye kona yetu. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Namjibu hapa kwa vipande, vingine virefu, vingine vifupi.

1. Bunduki hutangulia

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha huwezi kushuka garini ukajiendea. Unalipa kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi, kisha langoni Momela unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sisi tulimwita afande, naye akatuita wazee wangu, ingawa shemeji hajafika hata arobaini.

Sababu ya bunduki haikuchelewa. Ukishavuka daraja la Mto Ngare Nanyuki unatokea kwenye uwanda wa nyasi fupi, na nyasi hizo zina wenyewe: nyati, kundi zima, wamelala na kusimama pande zote za njia, ngiri wakipita katikati yao kama hawawaoni. Twiga walikuwa nyuma zaidi, kwenye ukingo wa msitu. Simba hawaishi katika hifadhi hii, na wageni wengi hupumua wakisikia hivyo. Afande alituambia tusipumue mapema. Alikuwa anatembea taratibu mno, anasimama, anasikiliza, anatazama upepo unapeleka nyasi upande gani. Mwalimu, ambaye mwendo wake ni wa mtu anayewahi kengele, alitaka kumpita. Afande hakumkaripia. Alisema tu kwamba nyati dume mzee aliyeachana na kundi hapigi honi. Tangu hapo Mwalimu alikaa nafasi ya tatu kwenye mstari mpaka jioni, na sikumsikia akilalamika.

2. Mlango Mmoja panatosha

Kuna imani kwamba mlima unahitaji mavazi ya dola. Kwa safari ya siku moja, hapana. Viatu vyangu vya kupandia nilivipata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, nikavivaa nikipanda na kushuka ngazi za Bugando kwa siku kadhaa ili vinizoee kabla ya kuvipeleka porini. Chakula tulichobeba ni matobolwa na karanga, chakula ambacho Wasukuma walishakitengeneza kwa ajili ya mtu wa safari kabla ya biskuti za nguvu kufika madukani: viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, havivundi, havipondeki, na kipande kimoja mdomoni kinakufikisha mbali.

Kitu pekee ambacho mtu wa ziwani asikifanyie mzaha ni baridi. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya bahari. Kituo cha Miriakamba tulikofika mchana kiko meta 2,514. Joto hupungua nyuzi sita au saba kila unapopanda meta 1,000, kwa hiyo kati ya Mirongo na Miriakamba unapoteza karibu nyuzi tisa, na hapo bado upepo haujapiga hesabu yake. Wapishi pia watafurahi kujua kwamba pale juu maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi. Kunde zingechelewa sana kuiva. Chai haijali.

3. Mto unaotembea Septemba una msitu kichwani

Mirongo wetu una tabia inayojulikana. Mvua ikipiga vilima vya mawe vinavyozunguka jiji, kabla saa haijaisha maji yamefura, yamebeba chupa, matairi na wakati mwingine godoro la mtu. Mabatini watu wanahamisha vitu juu ya meza. Mvua ikikatika, kesho yake umebaki mkondo mwembamba wa kijivu ambao mtoto anauruka. Kufika Septemba, kabla ya vuli, ni kama mto umesahaulika.

Tulipanda Meru mwezi huohuo. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi, na njia ya magari ilikuwa vumbi tupu. Lakini ndani ya msitu karibu kila korongo tulilovuka lilikuwa na maji yanayotembea. Si mengi. Yanatembea tu, bila haraka, kwenye mawe yenye ukungu wa kijani. Shemeji, ambaye ni fundi bomba na hapendi jambo lisilo na tangi, alisimama akauliza tangi liko wapi.

Afande alimwambia apige mguu chini. Akapiga, na ardhi ikatikisika kidogo, kama isiyo na mfupa. Fimbo yangu ilizama karibu nusu bila kusukumwa: majani yaliyooza, juu ya majivu ya volkano yenye vitundu, chini yake tena mawe yaliyopasuka. Mvua inayoanguka pale haipati nafasi ya kukimbia. Na si mvua peke yake. Mitarakwa na mipodo mirefu ilikuwa imening'iniza ndevu za kijivu kwenye kila tawi, na asubuhi wingu linapopita katikati ya ndevu hizo, matone yanaanza kuanguka chini ya miti wakati uwanda wa nyati hapo nyuma haujapata hata tone. Msitu unalikamua wingu. Kisha unayaachia maji kidogo kidogo, miezi ile ambayo hakuna anayetazamia kuyaona.

Sasa rudi Mwanza. Mawe yetu ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, magumu, hayanywi. Maji yalikuwa yanapata nafasi kwenye nyufa na kwenye vipande vya udongo kati ya jiwe na jiwe, mahali ambapo vichaka na miti viliota. Vipande hivyo ndivyo tulivyojengea. Leo kilima ni bati na saruji kuanzia chini mpaka juu, na maji yakitua yana njia moja tu. Siwalaumu waliojenga huko. Kiwanja cha bondeni kina bei yake, na mtu anataka kuwa karibu na kazi. Ila tunapoulaumu Mto Mirongo kwa kufurika, tunaulaumu kwa jambo lililofanyika juu yake.

Njiani kuna mti wa jamii ya mikuyu uliofanya tao juu ya barabara, pana kiasi cha tembo kupita. Ulianza kwa mbegu iliyodondoshwa juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi pande mbili hadi ikashika ardhi, na mti wa kwanza ukamezwa. Watu hupiga picha hapo. Nasi tulipiga, mbega wakitutazama kutoka juu na mikia yao myeupe imeanguka kama mapazia.

4. Chemchemi haina sura

Mwalimu alikuja na picha kichwani: jiwe, tundu, maji yanachuruzika, mtu anakinga mikono anakunywa. Afande alipotuonyesha chemchemi ya kwanza, Mwalimu alikuwa ameshaipita. Ilikuwa mteremko uliolowa tu, wenye majani mapana, siafu na mawe madogo. Hakuna tundu. Ukishuka hatua kumi unasikia mlio mdogo. Ukishuka ishirini unaona mstari wa maji. Ukishuka zaidi ni kijito kinachohitaji daraja la gogo. Ni wapi hasa kilipoanza, hakuna kati yetu aliyeweza kuweka kidole.

Hapo ndipo nilipomkumbuka John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza. Tarehe 3 Agosti 1858 alisimama juu ya kilima hapa kwetu Mwanza, akalitazama ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua na kusafiria miaka yote hiyo, akaamua kwamba chanzo cha Nile amekipata. Hakuwa ameuona mto ukitoka ziwani. Aliufikia miaka minne baadaye, Julai 1862, upande wa Uganda. Mwenzake Richard Burton hakukubaliana naye, na wakagombana mpaka Speke alipofariki mwaka 1864. Kuhusu Nile kutoka ziwani, Speke alikuwa sahihi. Lakini ziwa lenyewe linapokea maji ya Kagera, inayoanzia katika vijito vingi vya Rwanda na Burundi, na zaidi ya hapo linajazwa na mvua inayoliangukia usoni. Ukisema chanzo, unamaanisha kipi?

Swali hili si la wanajiografia peke yao. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Nimewahi kusikia mikutano ya mtaa ikibishana juu ya meta hizo, kamba mkononi. Kwa mto wenye ukingo, kamba inafaa, ingawa pale Mirongo ukiivuta meta 60 utabomoa nusu ya maduka. Kwa chemchemi isiyo na sura, unaanza kupima wapi? Baada ya kusimama kwenye mteremko ule nina maoni yangu: kinacholindwa ni kilima chenye chemchemi, na kamba ije baadaye.

5. Yapo maji ambayo kuyachemsha hakusaidii

Hili ndilo funzo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ya kabla ya matembezi tulilala kwa jamaa wa shemeji, upande wa Ngarenanyuki, nje ya hifadhi. Tulimkuta bibi wa nyumba anapukuchua mahindi. Tukamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba wanangu, akatutandikia mkeka, wajukuu wakaja kutuchungulia. Walipocheka niliona meno yao: ya kahawia, yenye mistari, mengine yamemeguka pembeni. Ya bibi yalikuwa hivyohivyo. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeanza, nadhani kwa sababu ameshazoea macho ya wageni. "Mto wetu ni mzuri wa kutazama, mwanangu," alisema. "Chai hii nimepika kwa maji ya bati." Alimaanisha maji ya mvua aliyokinga kutoka kwenye paa.

Mawe ya Meru, yaani majivu na miamba iliyotemwa na volkano, yamejaa floraidi. Maji safi kabisa ya msituni yakipenya humo yanaibeba, na hayabadiliki rangi, hayanuki, hayana ladha ya kukutahadharisha. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu maji ya eneo hili ulikuta miligramu 12 hadi 26 katika mito, 15 hadi 63 katika chemchemi, na katika maziwa na madimbwi ya magadi kuanzia 60 hadi 690. Kiasi kidogo kinaimarisha jino. Kikizidi, jino la mtoto linaumbika likiwa tayari limeharibika, kwa hiyo hakuna dawa ya mswaki itakayolirudisha; na mtu akinywa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa, miguu ya watoto wengine hupinda.

Kwetu Mwanza tumelelewa na agizo moja: chemsha maji. Kipindupindu kikibisha hodi, gari la matangazo linapita Mirongo na Mbugani likisema chemsha maji, na ni kweli, kwa sababu adui wetu ni mdudu, na mdudu hufa. Floraidi haifi. Ukiyachemsha maji ya Ngare Nanyuki, mvuke unaondoka na floraidi inabaki yote, kwa hiyo maji yaliyopungua sufuriani yamekolea zaidi kuliko yale uliyoteka. Mama mwangalifu anayechemsha kwa muda mrefu ndiye anayeongeza sumu. Shemeji alilirudia jambo hili njia nzima, hasira imempanda utadhani ametukanwa.

Njia zipo. Ngurdoto, si mbali na lango la kusini la hifadhi, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na mbinu yao inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa kipimo, inasagwa, inawekwa kwenye chujio, na floraidi inanasa humo mpaka mkaa uchoke, kisha unabadilishwa. Ni akili nzuri. Kinachosumbua ni kuubadilisha: chujio lililochoka linaonekana sawasawa na jipya, na familia haina namna ya kujua. Njia nyingine ni ile ya bibi, ya bati na tangi. Na njia kubwa ni kuleta maji ya mbali yasiyo na shida hiyo, kwa bomba, kwa fedha za serikali. Jiji la Arusha lenyewe limejengewa mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, na floraidi ilikuwa mojawapo ya sababu.

Hapa ndipo nilipoutazama mto wangu kwa jicho jingine. Meru inaharibu maji yake yenyewe; hakuna mwanadamu wa kufikishwa mahakamani. Matale ya Mwanza hayana ubaya wa kiasi hicho. Kila kilicho kibaya katika Mto Mirongo, mafuta ya gereji, choo kilichofunguliwa usiku wa mvua, mifuko, maji ya machinjo, tumekitia sisi kwa mikono yetu, na mikono hiyohiyo inaweza kuacha. Bibi wa Ngarenanyuki hana nafasi kama hiyo. Nilimwambia kwamba kwetu tuna maji matamu na tunayachafua wenyewe. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama huko Mwanza mahindi yanastawi.

6. Ardhi ya malisho ina kumbukumbu ndefu

Kifupi, kwa sababu wengine wameshaandika vitabu juu yake. Eneo la Ngare Nanyuki, tulilolipita tukielekea mlimani, ndilo lililofanya jina la Wameru lisikike New York. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Mwaka 1952 Mmeru mmoja, Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton wa Bermuda, alilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa na kulizungumzia mwenyewe. Hakurudishiwa ardhi kwa hotuba ile, lakini aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na watu walimsikiliza. Chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954 katika nchi iliyokuwa tayari imesikia habari za Meru.

Nililijua shauri hili kwa kusoma. Ila kusoma hakukunionyesha kwamba eneo lililogombaniwa ni kavu, liko kwenye kivuli cha mvua cha mlima, na kwamba bila ule mto lisingegombaniwa na mtu. Mto uleule ambao maji yake bibi hapikii chai.

7. Ziwa linahitaji mlango

Tulishuka kutoka Miriakamba mchana, magoti yakitetemeka, tukafika kwenye maziwa ya Momela kwa gari kabla jua halijalala. Kule juu tulikuwa tumeliona shimo lenyewe la Meru: ukuta wa mwamba wa karibu meta 1,500 kwenda juu, kilele cha meta 4,566 kwenye ukingo wake, na ndani koni nyeusi ya majivu. Shimo hilo liko wazi upande wa mashariki. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu huo ulianguka wote kwa pamoja, tope na mawe yakabiringika kuelekea Kilimanjaro, na palipobaki mabonde kati ya vilima vya kifusi, maji yakaingia. Hayo ndiyo Momela. Ukiwa juu unaona jinsi jambo lilivyotokea. Ukiwa chini unaona maziwa tu. Ndiyo faida ya kupanda kwanza na kushuka baadaye.

Yapo kadhaa, jirani kabisa, na hayafanani rangi. Moja ni kijani kibichi, jingine buluu iliyofifia, jingine lina rangi ya chuma. Kila moja linapokea maji kwa kiasi chake, hasa kwa chini ya ardhi, na lina chumvi zake, kwa hiyo mwani unaoota humo si mmoja. Heroe wadogo walikuwa wamekusanyika kwenye ziwa moja na kuliacha la pembeni karibu tupu, maana wao hufuata mwani. Hakuna mnyama aliyekuja kunywa tulipokuwa pale.

Kisa cha maziwa haya ni kwamba maji yanaingia na hayatoki. Hakuna mto unaoyatoa. Jua linachukua maji, linaacha magadi na floraidi, mwaka baada ya mwaka, na kinachobaki kinakolea. Ziwa Victoria nalo hupoteza maji mengi kwa jua kuliko kwa njia nyingine yoyote. Lina kilomita za mraba 68,800 na kina chake hakizidi meta 85, basi jua lina mahali pa kufanyia kazi. Lakini lina mlango mmoja pale Jinja, na kupitia hapo chumvi zinaondoka. Bila Jinja, mama wa dagaa asingekuwa na dagaa wa kuuza. Nilipomweleza hivyo niliporudi, alisema basi hao wa Jinja watushukuru na sisi, maana maji ni yetu. Kuna hoja hapo. Wanasheria wa nchi za Bonde la Nile wameibishania kwa miaka mingi bila kuimaliza.

Tulikaa juu ya kilima kidogo tukagawana matobolwa ya mwisho, Mwalimu akachora kwenye vumbi. Maji ya upande wa kusini wa Meru yanaingia Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatelemka Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Ya Ngare Nanyuki yanakwenda kwenye mbuga kavu za kaskazini. Ya Momela yanarudi mbinguni. Na ya Mirongo, pamoja na chupa zetu zote, yana ruhusa ya kwenda Jinja, Khartoum na Kairo hadi Bahari ya Mediterania. Shemeji alisema ni aibu kidogo, mto mdogo namna hiyo kuwa na safari ndefu kuliko mito ya mlima mkubwa. Afande, ambaye hajafika Mwanza, aliuliza kama Mirongo una samaki. Hakuna aliyemjibu haraka.

8. Panda mto wako mwenyewe

Jumamosi moja baada ya kurudi, mimi na Mwalimu tulivaa viatu vilevile tukaanza kuupanda Mirongo kutoka mjini. Safari hii haina ada, haina afande, na nyati wake ni bodaboda. Tulipita nyuma ya maduka, nyuma ya gereji, tukafika Mabatini ambako nyumba zimekaa karibu na maji kiasi kwamba mtu anamwaga beseni bila kutoka kizingitini. Tulikuwa na daftari. Mwalimu aliandika kila mahali ambapo mfereji, bomba au mtaro unaingia mtoni, na kama maji yake yana rangi au harufu. Watu walidhani tumetumwa na jiji. Wawili walitukimbiza, na mmoja akatuletea viti.

Zaidi ya hapo kitanda cha mto kinabanwa, kinagawanyika, kinaingia kati ya kuta. Kuna mahali tuliona maji masafi yakitoka chini ya jiwe kubwa lililogawanyika, kidogo sana, yakitiririka meta chache kabla ya kukutana na mtaro wa jikoni. Mtoto alikuwa anajaza kidumu hapo, akisema ni ya kufulia. Mwalimu aliinama muda mrefu akipima kwa macho meta 60 ziko wapi: ndani ya meta hizo nilihesabu vyumba kadhaa vya kupanga, banda la kuku na kibanda cha chipsi.

Fundi mmoja wa magari, mzee aliyekaa hapo tangu vilima vikiwa na miti, alituuliza tunatafuta nini. Tukamwambia tunafuata maji kujua yanatoka wapi. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Sasa hivi hamtaona kitu, wanangu. Njooni Aprili, saa ileile mvua inapopiga, siyo ikishakatika. Na msije na hivyo viatu, mtavipoteza."

Mwalimu ameshanunua gambuti. Mimi bado natafuta saizi yangu pale Mlango Mmoja.